Mhandisi wa Turkana atafunzwa wapi?

Kiwanda cha samaki cha Kalokol, mwendo wa saa moja hivi kutoka Lodwar kuelekea Ziwa Turkana, kilijengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiliwekewa mitambo ya kugandisha samaki kwa ajili ya masoko ya mbali, katika nchi ambayo jua lake halina mzaha. Mitambo hiyo ilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Gharama ya umeme wa kugandisha ilimeza faida yote, maji safi hayakutosha, na katikati ya mwongo huo Ghuba ya Ferguson, walikovuliwa samaki wengi, ikakauka. Jengo likageuka ghala la samaki waliokaushwa juani, kama walivyokaushwa kabla mtambo wowote haujaletwa. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, na wafadhili wakafunga virago.

Kisa hiki husimuliwa sana kama funzo kuhusu misaada ya kigeni. Kina upande mwingine ambao Kenya inapaswa kuutazama upya mwaka huu. Sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa hilo, zaidi ya asilimia 80, hutoka Mto Omo nchini Ethiopia, na kina chake hupanda na kushuka kufuatana na mvua za huko. Mtu wa kupima kina hicho mwaka baada ya mwaka, mtu wa kukokotoa bei ya kila kilo ya samaki aliyegandishwa kabla ya mitambo kuagizwa, na fundi wa majokofu mwenye familia yake Kalokol: watu hao watatu hupaswa kuwapo kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Swali la nguvukazi ya sayansi na uhandisi ndilo hilo, na Turkana imeliuliza kwa zaidi ya miaka 40 bila kupata jibu la kuridhisha.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu. Wizara ya Elimu imeweka lengo kwamba asilimia 60 yao wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi ya jamii, na 15 sanaa na michezo. Lengo hilo linastahili kuungwa mkono, kwa sababu nchi hii inaagiza kutoka nje vitu vingi ambavyo vijana wake wangeweza kuvitengeneza na kuvisimamia. Kasoro iko kwenye kipimo. Serikali inahesabu wanaoingia mlangoni. Hakuna anayewahesabu kwa bidii ileile wanaotoka upande wa pili wakiwa na cheti kinachotambulika, kazi, na msimamizi wa kuwakomaza, wakiwa bado wanaishi mahali wanapohitajika. Katika kaunti kama Turkana, tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo tofauti ya kisima chenye maji na kisima chenye kutu.

Anza na shule. Chini ya mfumo wa 8-4-4 fizikia ilikuwa somo la hiari katika madarasa ya juu ya sekondari, na shule iliyokosa mwalimu au maabara iliiacha bila makeke. Lakini kozi za uhandisi katika vyuo vikuu hudai fizikia. Kwa hiyo msichana wa Lokitaung au wa Kakuma alifungiwa mlango wa uhandisi akiwa na miaka 15 au 16, na aliyeufunga hakuwa mtahini wala alama zake. Ulifungwa na ratiba ya shule. Mfumo mpya unaweza kurudia kosa hilo kwa jina jingine. Shule isiyo na benchi la maabara, gesi, vifaa vya umeme na mwalimu aliyefuzu itaitwa shule ya mkondo wa sayansi, itaandika asilimia 60 kwenye fomu, na mwanafunzi atajifunza volti kwa kuzikariri. Walimu wengi wa sayansi wanaopelekwa Turkana hutoka kaunti za mbali, na posho ya mazingira magumu haijawahi kutosha kuwafanya wote wakae. Njia ya uhakika ni kuwafunza walimu wa fizikia na hisabati kutoka Turkana yenyewe, na hilo linahitaji chuo kilicho karibu.

Chuo kipo. Turkana University College, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilianzishwa rasmi Lodwar mwaka 2017. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa. Mji ambao Wakenya wa zamani waliujua kama mahali Jomo Kenyatta alipopelekwa mwaka 1959 baada ya kifungo cha Lokitaung, wilaya ambayo wakoloni waliifunga mtu asiingie bila kibali, leo una vijana wanaobeba vitabu kwenda mihadharani. Ila chuo kinahitaji fedha za maabara, na hapo ndipo sera ya taifa inapoanza kusuasua.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kuwa fedha zake. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa, wala kukaribiwa. Kidogo kinachopatikana hufuata mahali ambapo maabara tayari zipo. Mantiki hiyo ni ya kale. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, uliotungwa nchi ikiwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, ulielekeza fedha za maendeleo ziende maeneo yatakayozalisha zaidi na kwa haraka. Kaskazini ilisubiri. Takwimu za serikali za 2015/16 zilipotoka, Turkana ilikuwa ya kwanza nchini kwa umaskini, kwa asilimia 79.4. Ugatuzi ulioanza 2013 umerekebisha sehemu ya dhuluma hiyo kwenye barabara, zahanati na basari. Kwenye sayansi, mawazo ya 1965 bado yanatawala.

Wapo watakaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba nchi yenye fedha haba haiwezi kujenga kitivo cha uhandisi kila kaunti. Afadhali kuimarisha mji wa teknolojia wa Konza, ambako taasisi ya juu ya sayansi inajengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na kwa mfano wa KAIST ya huko. Mfano huo usomwe wote. Korea ilianzisha KAIST mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatunga sheria ya taifa ya kuthibitisha ujuzi wa kiufundi, huku ikimimina fedha kwenye shule za ufundi. Watafiti wa shahada za juu na mafundi wenye vyeti vinavyoheshimika viwandani walikuzwa pamoja. Kenya ikichukua taasisi ya juu na kuacha ngazi ya chini, itakuwa imenunua nusu ya mfano.

Turkana haihitaji kila kitu kwa mara moja. Inahitaji kwanza mafundi wa diploma na wahandisi wachache wa maji na umeme, kwa sababu kazi yao inaonekana kwa macho kila siku.

Tazama kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua, cha aina iliyozagaa sasa kati ya Lodwar na Kakuma. Asubuhi moja maji hayatoki. Pampu imezama makumi ya mita chini, mota imefungwa chini yake, na waya umeshikizwa kwenye bomba hadi juu, unapoingia kwenye kidhibiti kilichotundikwa karibu na paneli. Hitilafu inaweza kuwa kwenye mota. Inaweza pia kuwa kwenye kidhibiti, kwenye kihisi kinachoizuia pampu isizunguke maji yakipungua, au kwenye kiungo cha waya kilicholiwa na chumvi. Fundi mwenye kipimo cha umeme na mafunzo ya miezi kadhaa hupima akiwa juu na kujua ni kipi. Asipokuwapo, huitwa gari la mbali lenye winchi, mabomba yanang'olewa moja moja, pampu inatolewa, na wakati mwingine inaonekana ni nzima kabisa. Siku zote hizo mbuzi wanatembezwa kwingine na wasichana wanarudi kuchimba mchanga kwenye lugga, mto mkavu. Mradi uliandikiwa ripoti ya mafanikio siku ulipozinduliwa. Hakuna ripoti ya siku hizi za ukame wa mkono wa binadamu.

Maji yenyewe ni somo la kemia. Septemba 2013 Judi Wakhungu, aliyekuwa waziri wa mazingira na maji, alitangaza pamoja na UNESCO kwamba teknolojia ya setilaiti na rada imegundua hifadhi kubwa za maji chini ya ardhi ya Turkana, kubwa zaidi ikiwa Lotikipi. Kenya nzima ikaambiwa inaweza kunywa kwa miaka 70. Visima vya majaribio vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywewa. Hifadhi ndogo iliyo chini ya Lodwar, inayolishwa na Mto Turkwel, ndiyo iliyothibitika kuwa na faida, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Oxford wametumia miaka kuchunguza maji yake yanaingia wapi na chumvi inaanzia wapi. Kazi ya aina hiyo haifai kusubiri msafara kutoka Nairobi. Kuchukua sampuli za visima kila mwezi, kupima chumvi na floridi, kuandika kina cha maji wakati wa kiangazi na baada ya mvua: hiyo ni ajira ya kudumu ya vijana kadhaa wa Lodwar wenye diploma, na maabara moja nzuri inatosha kuianzisha.

Mafuta yalileta somo jingine. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Oktoba 2013 maandamano ya wenyeji waliodai kazi na zabuni yakailazimu kampuni kusimamisha shughuli kwa muda. Wengi walilalamika kwamba kazi walizopewa zilikuwa za ulinzi, udereva na kushika bendera barabarani. Kampuni ilikuwa na ufadhili wa masomo ya juu Uingereza kwa Wakenya, na waliofaidika walistahili. Lakini shahada ya uzamili ya jiolojia ya mafuta haimfikii kijana aliyekosa fizikia sekondari. Kati ya mlinzi wa lango na mwenye shahada ya uzamili kuna ngazi za mchomeleaji aliyethibitishwa, fundi wa mitambo, msaidizi wa maabara, mpima ardhi. Ngazi hizo ndizo hazikujengwa kwa wakati. Sheria ya Petroli ya 2019 imeipa jamii asilimia 5 ya mapato ya serikali na kaunti asilimia 20, na mwaka 2025 Gulf Energy ilichukua nafasi ya Tullow. Safari hii mafunzo ya ngazi za kati yaanze kabla ya mabomba kulazwa, na yaingizwe kwenye masharti ya leseni yenyewe, yakiwa na idadi ya nafasi, mahali na tarehe.

Kuna watu wanaodhani tatizo ni vichwa. Historia ya ziwa inawakanusha. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa kilichowapeleka wanasayansi kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 1999 Justus Erus aliona huko Lomekwi kisukuku kilichopewa jina Kenyanthropus platyops. Mwaka 2011, eneo lilo hilo, timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis ikisaidiwa na jicho la Sammy Lokorodi, Mturkana, ilipata zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani. Mwaka 2014, huko Napudet, John Ekusi akaona fuvu dogo la miaka milioni 13, ambalo Isaiah Nengo, mwanasayansi Mkenya, aliongoza utafiti wake hadi kwenye jarida la Nature mwaka 2017.

Kazi hiyo ionekane ilivyo. Mtafutaji hutembea polepole jua likiwa bado chini, macho ardhini, akitenganisha mfupa na jiwe kwa rangi, mng'ao na vitundu vidogo ambavyo mgeni hata akioneshwa havioni. Akikipata kitu hakiokoti. Hukusanya mawe kando yake kuwa alama, kwa sababu tabaka la udongo kilipolala lina thamani sawa na kitu chenyewe. Hii ni sayansi, na wanaoijua huifunza kwa miaka. Kamoya alianza kazi mwaka 1960 akiwa na elimu ndogo ya shule, na shahada ya heshima kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani ikamfikia mwaka 2021, mwaka mmoja kabla hajafariki. Miaka 61! Taasisi ya Bonde la Turkana, iliyoanzishwa na Richard Leakey pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook, ina kituo pale Turkwel, si mbali na Lodwar. Serikali ilizindua mwaka 2024 sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Sera hiyo ikitaka kuanza kazi mahali penye haki, watafutaji wa visukuku wa Turkana wapo, wazee wao na vijana wao.

Kakuma ina shida ya upande wa pili: vyeti vipo, ruhusa haipo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu wapatao 300,000. Miongoni mwao wamo wahandisi, wauguzi, walimu wa hisabati na mafundi umeme kutoka Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan Kusini na Somalia. Kituo cha Don Bosco kimefunza umeme, uchomeleaji, uashi na ufundi bomba kambini kwa miaka mingi, wakimbizi na wenyeji kwenye karakana moja.

Kwa muda mrefu umeme wa soko la Kakuma uliuzwa na wenye jenereta za dizeli. Nyaya zilipita juu ya mabati kutoka duka hadi duka, kila mteja akilipa kwa balbu au kwa friji, na fundi wa jenereta akijua kwa kichwa ni waya upi wa kinyozi na upi wa mwenye hoteli. Sasa ipo Okapi Green Energy, kampuni iliyoanzishwa na mkimbizi kutoka Kongo, inayouza umeme wa jua, na Renewvia nayo ina mitambo yake Kalobeyei. Utafiti wa shirika la IFC wa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka katika Kakuma. Hiyo ni karakana kubwa ya mafunzo iliyojiendesha bila sera yoyote ya sayansi.

Na bado mkimbizi anayefundisha fizikia kambini hulipwa posho ya motisha, sehemu ndogo ya mshahara wa Mkenya aliye darasa la jirani, kwa kuwa hana kibali cha kazi. Wanafunzi bora kabisa hushindania ufadhili wa masomo wa shirika la WUSC na kwenda Canada, wakaijenga Canada. Hakuna wa kuwalaumu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi mwenye sifa zinazotambulika kufanya kazi ya taaluma yake, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka kambi ziwe miji inayojitegemea. Maneno hayo yataaminika siku mwalimu wa hisabati kutoka Bujumbura atakapokaguliwa vyeti vyake Lodwar, apewe kibali, na aingie darasani Lokichoggio kufundisha watoto wa Kiturkana. Wenyeji wana haki ya kuuliza kama watanyang'anywa nafasi. Katika ufundishaji wa sayansi hakuna nafasi ya kunyang'anywa. Kuna viti vitupu vya walimu.

Limebaki jambo linalotajwa mara chache. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inamtaka mhitimu afanye kazi angalau miaka 3 kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na kazi hiyo huhitaji mkubwa wa kumsimamia. Ni sharti la busara, kwani daraja likianguka linaua. Ila wahandisi waliosajiliwa wamejaa Nairobi na miji mikubwa. Kijana wa Lodwar aliyemaliza shahada Eldoret au Juja akirudi nyumbani anaweza kukaa miaka mitano kwenye ofisi ya maji, akifanya kazi yote, bila mtu wa kutia sahihi daftari lake. Anayetaka kusajiliwa inambidi aondoke. Serikali ya kaunti inaweza kuwaajiri wahandisi wasajiliwa watatu au wanne, wa maji, umeme na barabara, ambao jukumu lao la kwanza katika mkataba ni kuwasimamia wahitimu. Gharama yake ni ndogo kuliko mradi mmoja wa maji uliokwama. Mafundi nao wapewe nafasi ya kufanyia mitihani ya ufundi ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, palepale Lodwar na Kakuma, daraja kwa daraja.

Huko Kinyasini, Unguja, kituo cha Barefoot College kimewafunza wanawake wa vijijini, wengi wao bila elimu ya sekondari, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua kisha kurudi kuhudumia vijiji vyao. Hawakuambiwa wasubiri shahada. Mama wa Kalobeyei au wa Kerio anaweza kufunzwa vivyo hivyo, na kama ndiye anayeteka maji, atakuwa wa kwanza kujua pampu inapobadilisha mlio.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 watamaliza mwishoni mwa 2028. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 utakuwa umefungwa, na unaoufuata utaandikwa katika kipindi cha uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Wagombea watafika Lodwar na Kakuma na ahadi za visima, taa na mabomba ya mafuta. Waulizwe kila kisima kitatunzwa na nani, kwa mshahara gani, amesajiliwa wapi, na ni vijana wangapi wa hapa watakaofanya kazi chini yake kwa miaka mitatu ya kwanza.